Kwa nini binti anaweza kumaliza kozi ya michezo chuoni akiwa bado mgeni

Stoo ya vifaa pale chuoni kwetu ilikuwa na kidirisha kidogo cha nondo, ndani anakaa mzee mmoja na daftari lake la kusainisha. Wiki ya pili ya mwaka wa kwanza nikaenda kuchukua mipira ya prakto, yani kipindi cha vitendo, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia vizuri tu, marahaba mwanangu, afu akaniuliza, umetumwa na nani? Nikamwambia sijatumwa, mipira ni ya grupu letu, mi ndo nasoma hiyo kozi. Akatabasamu, akasema haya sawa, mwambie huyo kaka aliyekutuma aje asaini mwenyewe ndo utaratibu. Nikarudi uwanjani mikono mitupu, akaenda mwenzangu wa kiume, hakuulizwa hata jina la kozi, akasaini, akarudi na neti ya mipira begani.

Yule mzee hakunitukana wala hakuwa na roho mbaya, miaka yote mitatu aliniita mwanangu na siku niliyoteguka kifundo cha mguu yeye ndo alikimbia kunitafutia barafu. Na hapo ndo ugumu wa kuieleza hii mada unapoanzia, maana watu wakisikia wasichana hawajioni wako kwao kwenye kozi za michezo wanatafuta haraka mtu wa kulaumiwa, lekchara mnyanyasaji au wavulana wahuni, na kweli wapo, lakini unaweza ukawaondoa wote hao na bado binti akaendelea kujiona kama mtu anayepita njia.

Watafiti wa elimu wameandika sana kuhusu hiki kitu, mwanafunzi kujiona yuko kwao. Carol Goodenow mwaka 1993 alikieleza kama hali ya mwanafunzi kujisikia amekubaliwa, anaheshimiwa, anahusishwa na anasaidiwa na wenzake na walimu wake. Mwaka 1995 wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary wakatoa hoja kwamba kuwa na watu wako ni hitaji la msingi la binadamu, mtu akilikosa inaonekana kwenye mawazo yake, hisia zake mpaka afya yake. Kwenye Kiswahili sijakutana na neno moja linalobeba hayo yote, lakini tuna kitu ambacho mi nakiona kinaeleza vizuri zaidi, nacho ni tofauti ya mgeni na mwenyeji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi tunautumia huo msemo kama vile unamkaripia mgeni aliyezidisha siku, ila uangalie vizuri, siku unayopewa jembe ndo siku ambayo watu wameacha kukutandikia mkeka na wameanza kukuhesabu kwenye kazi. Mgeni anaweza kupendwa sana, akapewa kiti kizuri na kipande kizuri cha nyama, na asipewe jembe kamwe.

Sasa kwenye kozi zetu za michezo jembe ni nini? Ni filimbi. Ni kusimama mbele ya watu 40 ukawaambia jipangeni mistari minne wakajipanga. Ni kubeba mkuki ukaurusha mbele ya wenzako ukakosea, ukarekebishwa kama wengine wanavyorekebishwa. Kwa kiswahili cha chuo tunaita prakto na ndo roho ya kozi yenyewe, huwezi kuwa mwalimu wa michezo au kocha kwa kusoma handauti peke yake.

Darasa letu tulikuwa 43, wasichana 6. Kwenye prakto tunagawanywa makundi ya watu 7 au 8, kwa hiyo kila kundi linapata msichana mmoja, na yule lekchara aliona anatenda haki kututawanya ili kusiwe na kundi la wasichana watupu. Matokeo yake kila kundi kuna mmoja ambaye, bila mtu yeyote kukaa kikao na kuamua, anashika saa na karatasi ya kurekodi. Bip test, ile ya kukimbia kwenda na kurudi kwa kufuata mlio, msichana anaandika. Mbio za kupokezana, msichana anahesabu sekunde. Kurusha tufe, msichana anashika futi. Ukiuliza unaambiwa dada wewe mwandiko wako mzuri. Muhula unaisha wavulana wameongoza vipindi vinne vinne na wewe una mwandiko mzuri.

Rosabeth Moss Kanter, mwanasosholojia wa Marekani, alilichambua hili mwaka 1977 akiangalia wanawake wachache ndani ya kampuni kubwa iliyojaa wanaume. Alichosema ni kwamba kundi likiwa dogo sana, akataja kama asilimia 15 kushuka chini, wale wachache wanaacha kuwa watu na wanakuwa alama. Kwanza wanaonekana kupita kiasi, kila wanachofanya kinahesabiwa kama kazi ya kundi lao lote. Pili, wale wengi wanaanza kukuza tofauti zao na kujikumbusha wao ni wao, ndo hapo mizaha ya kiume inaongezeka ukiwepo badala ya kupungua. Tatu, wale wachache wanapewa majukumu yaliyokwisha tengenezwa, mmoja anakuwa mama wa wote, mmoja mdogo mdogo wa kudekezwa, mmoja mrembo, na mmoja anaitwa mkali asiyeguswa. Sisi 6 kati ya 43 ni asilimia 14 hivi, na nikiwakumbuka wenzangu naweza kuwapanga wote kwenye hizo nafasi nne. Mama yetu alikuwa anabeba maji na boksi la huduma ya kwanza kila siku, na alikuwa mrusha kisahani mzuri kweli aliyetokea Umisseta, yale mashindano ya shule za sekondari, afu kwenye miaka mitatu sidhani kama alikirusha mara 20.

Lile la kuonekana kupita kiasi naomba nikae nalo kidogo maana ndo linachosha kuliko yote. Mvulana akipiga mpira ukaenda kichakani, amekosea yeye. Mi nikipiga ukaenda kichakani, wanawake hawawezi mpira. Kwa hiyo kabla sijaugusa mpira kichwani tayari nimebeba mzigo wa wanawake wote wa dunia, na mwili wenye mzigo haupigi mpira vizuri. Hii sio hisia tu. Mwaka 1999 Jeff Stone na wenzake kule Marekani waliwapa wanafunzi weusi na weupe mchezo mdogo wa gofu, mchezo uleule, wakabadilisha maelezo tu. Walipoambiwa unapima kipaji cha asili cha michezo, weupe walishuka. Walipoambiwa unapima akili ya kimchezo, weusi ndo walishuka. Fimbo zilezile, mpira uleule, kilichobadilika ni nani aliyekuwa anaogopa kuthibitisha yale yanayosemwa juu ya watu wake. Sasa fikiria binti ambaye kila prakto, sio jaribio la siku moja, anaingia uwanjani na hiyo sauti miaka mitatu mfululizo, afu gredi zake zinawekwa pembeni ya mtu ambaye hajawahi kuisikia.

Kuna njia moja ya mkato ya kupata uenyeji na wengi tunaipita, nayo ni kuwa mshkaji. Unaanza kuongea kama wao, unacheka mizaha yao hata ile inayokuhusu, unavaa kama wao, unakaa vijiweni kwao, unabishana nao Simba na Yanga mpaka saa sita usiku. Siku moja mmoja anakwambia kwa mapenzi yote, sista wewe uko poa, wewe sio kama hawa mademu wengine. Nakumbuka nilivyofurahi siku hiyo, nililala na furaha. Ilinichukua muda mrefu kuelewa nilichoambiwa, maana ukiigeuza hiyo sentensi inasema mwanamke hapa hana nafasi, wewe tumekutoa kwenye uanamke ndo tukakupa nafasi. Na kibali cha namna hiyo kinachukuliwa muda wowote. Mwaka wa pili nilienda kuwasilisha kazi ya kundi nimevaa gauni kwa sababu nilikuwa natoka kanisani moja kwa moja, darasa zima likapiga miluzi, leo umekuwa mwanamke, na yule yule aliyeniambia niko poa ndo alianza. Nilisimama pale na karatasi zangu nikajua sijawahi kukaribishwa mimi, alikaribishwa mtu niliyekuwa namwigiza.

Ukimuuliza binti kama huyo kwenye dodoso kama anajisikia yuko kwao, ataandika ndiyo, nimekubalika kabisa. Ndo maana nasema hizi namba za kuridhika kwa wanafunzi zisomwe kwa makini, zinahesabu waliokubalika bila kuuliza wamelipa nini.

Tuingie maabara sasa, maana watu wanadhani tatizo liko uwanjani tu. Kuna prakto ya kupima mafuta ya mwili kwa kalipa, kile kifaa kama koleo, unabana ngozi na mafuta yake sehemu maalumu, unasoma milimita unaingiza kwenye fomula. Ile njia ya Jackson na Pollock inayofundishwa sehemu nyingi inatumia sehemu tatu za mwili, na ni tofauti kwa jinsia, mwanaume unampima kifua, tumbo na paja, mwanamke unampima nyuma ya mkono wa juu, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, na paja. Lekchara akaomba mtu wa kujitolea avue shati, akatoka mvulana, akapimwa kifua, tumbo, paja, tukaandika, kipindi kikaisha. Za mwanamke akasema mtazisoma. Nani angetoka? Sio kosa la maadili yetu kwamba hakuna aliyetaka kubanwa nyonga mbele ya wanaume 37, kosa ni kwamba hakuna aliyefikiria chumba cha pembeni, pazia, au mwalimu wa kike wa kusimamia kwa nusu saa. Wiki ya mtihani tukajifungia wasichana 6 chumba kimoja hosteli na kalipa ya kuazima, tukachorana alama za peni mwilini, tukapimana. Ile ilikuwa mara ya kwanza kwenye kozi nzima najikuta niko kwetu, na ilitokea nje ya kozi, mlango umefungwa.

Yaliyomo kwenye masomo yenyewe ni hivyohivyo. Mwaka 2014 Joseph Costello na wenzake walipitia makala 1,382 za utafiti wa michezo na mazoezi zilizochapishwa kati ya 2011 na 2013, washiriki wote kwa ujumla zaidi ya milioni 6, wanawake wakawa asilimia 39. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mzunguko wa hedhi unasumbua vipimo, homoni zinabadilika, kwa hiyo mtafiti anaona bora atumie wanaume apate namba zilizotulia. Yani mwili wa nusu ya binadamu umeitwa usumbufu. Na binti anayesoma fiziolojia ya mazoezi anasoma mwili wa kawaida, na mwili wa kawaida ni wa mwanaume, afu wake yeye unakuja kwenye sura moja ya mwisho iliyochanganywa na watoto na wazee. Hakuna aliyemwambia we sio wa hapa, kitabu kimemwambia.

Kwa hiyo watu wakisema michezo kwa asili ni ya wanaume ndo maana kozi zake zimejaa wanaume, mi huwa nawarudisha kwenye historia, maana historia ya hizi kozi inasema vitu vingine kabisa. England, ambako mfumo wetu wa elimu ulichukua mengi, mafunzo ya ualimu wa elimu ya viungo yalijengwa na wanawake. Martina Bergman-Österberg, mwanamama kutoka Sweden, alifungua chuo Hampstead, London, mwaka 1885, kikahamia Dartford mwaka 1895, na kilikuwa cha wanawake watupu. Chuo cha wanaume cha aina hiyo, Carnegie cha Leeds, kilifunguliwa 1933, karibu miaka 50 baadaye. Netiboli unayoiona kwenye kila shule ya msingi Tanzania ilitengenezwa kwenye mazingira ya chuo hicho cha wale kina mama miaka ya 1890, wakiubadilisha mpira wa kikapu wa Wamarekani. Wao walisoma anatomia, walifundisha, waliongoza vyuo, walitahini. Ilipofika miaka ya 1970 vyuo vile vikaanza kuunganishwa na kuchanganywa, na mwaka 1975 kule Liverpool ikaanza shahada ya sayansi ya michezo, ya kwanza Uingereza. Jina likabadilika, maabara zikaja, heshima na pesa vikaja, na wanaume nao wakaja kwa wingi.

Marekani stori inafanana kwa namna ya kuumiza. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, ile inayojulikana kama Title IX, na wasichana wanaocheza vyuoni wakaongezeka mno, jambo zuri kabisa. Lakini kabla ya hiyo sheria zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilikuwa na makocha wanawake, ilipofika 2014 walikuwa kama asilimia 43. Kazi ilipoanza kulipwa na kuheshimiwa ikabadilisha mikono. Wachezaji wakafunguliwa mlango, jembe likachukuliwa na wengine. Mi hili naliweka moyoni kila nikisikia mkakati wa chuo unaosema tutaongeza udahili wa wasichana kwenye michezo na hausemi kitu kingine. Idadi ni muhimu, Kanter mwenyewe ndo anatufundisha hivyo, ila unaweza kujaza nyumba wageni.

Na milango yenyewe imechelewa kufunguliwa. Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki alikuwa Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Mwanamke wa kwanza wa Kenya alikuwa Pauline Konga, fedha ya mita 5,000, Atlanta 1996. Miaka 32 katikati, na utasikia watu wakiieleza kwa mambo ya mila na ndoa za mapema, ni kweli sehemu, ila angalia na hili, mita 5,000 ya wanawake iliingizwa Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1996. Mlango ulifunguliwa asubuhi Konga akaingia mchana. Upande wetu Theresia Dismas alileta medali ya fedha ya mkuki kutoka Brazzaville kwenye Michezo ya Afrika ya 1965, na bado mi nimesoma kurusha mkuki chuoni bila mtu kumtaja, nimekuja kumjua mwenyewe baadaye kabisa. Picha kwenye korido ya idara yetu zilikuwa za wanaume tupu.

Picha ukutani zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sapna Cheryan na wenzake mwaka 2009 walichukua chumba cha kompyuta sayansi, wakakiweka mabango ya filamu za anga za juu na makopo ya soda na vitu vya wapenda michezo ya kompyuta, wakawauliza wanafunzi hamu yao ya kusoma hiyo kozi. Wakabadilisha vitu, wakaweka picha za mandhari na vitu vya kawaida tu, hamu ya wasichana ikapanda. Hakuna aliyeongea nao, vitu ndo viliongea.

Hata lugha yetu ina ushahidi wake. Kiswahili hakina jinsia kwenye nomino, kocha ni kocha, refa ni refa, mwanafunzi ni mwanafunzi, tungeweza kuishi vizuri sana hivyo. Lakini tunasema refa mwanamke, kocha wa kike, soka la wanawake, na sijawahi kusikia mtu anasema soka la wanaume, hiyo inaitwa soka basi. Salima Mukansanga wa Rwanda alipochezesha Zimbabwe na Guinea kwenye AFCON tarehe 18 Januari 2022, akiwa mwanamke wa kwanza kusimama katikati ya uwanja kwenye mashindano hayo ya wanaume, sisi tuliokuwa tunasomea michezo tulilia kabisa. Jonesia Rukyaa wetu naye amechezesha dabi ya Kariakoo, na aliyewahi kuingia Mkapa siku ya dabi anajua ile sio mechi ya kumpa mgeni. Ila nitasema ninachoamini, mtu wa mbali anakupa ndoto, wa kukupa uenyeji ni yule dada wa mwaka wa tatu anayekwambia njumu nzuri za bei nafuu zinapatikana mtumba gani, lekchara yupi anasikiliza, na siku za hedhi prakto ya kuogelea unaongea na nani.

Hapo kwenye mavazi nipite haraka ila nisiache. Prakto zetu zilidai bukta nyeupe. Kila mwanamke anayesoma hapa ameshaelewa. England timu ya taifa ya wanawake iliachana na bukta nyeupe mwaka 2023, na Wimbledon mwaka huohuo wakaruhusu wanawake bukta za ndani za rangi nzito, yani hata wakubwa wa dunia wamechukua zaidi ya karne kusikia kitu ambacho binti yeyote angewaambia kwa dakika moja. Hijabu nayo FIFA waliiruhusu rasmi 2014, kikapu FIBA 2017, kwa hiyo lekchara anayemwambia binti wa Pemba au Tanga avue ndo acheze, hana hata kanuni ya kusimamia. Binti akiambiwa achague kati ya dini yake na prakto, atachagua, na ataandikiwa kwamba hana nia.

Na kuna wavulana pia, naomba tusiwasahau. Kwenye wale 37 wetu alikuwepo mmoja anayependa jimnastiki na sarakasi, mwili mwepesi ajabu, mpira wa miguu hajui kabisa. Aliitwa majina ya kike miaka mitatu. Mwingine alikuwa na mguu mmoja mfupi, akili ya mbinu za mpira anayo kuliko sote, alikuwa anakaa nami pembeni tunashika saa. Kozi iliyojaa wanaume mara nyingi imejaa wanaume wa aina moja, wapenda mpira, wenye sauti, wanaojua kutaniana kwa matusi, na asiyeingia humo anakuwa mgeni hata kama kitambulisho chake kinasema me. Nilikuja kugundua rafiki zangu wa kweli darasani walikuwa hao wawili, na haikuwa bahati mbaya.

Sasa nini kinasaidia? Gregory Walton na Geoffrey Cohen mwaka 2011 walitoa matokeo ambayo watu wengi hawakuyaamini mwanzoni. Waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi la kama saa moja tu, wakasoma maelezo ya wakubwa zao kwamba na sisi tulipofika tulijiona hatuko kwetu, ni kawaida, inapungua na muda, afu wakaandika yao wenyewe. Kwa wanafunzi weusi gredi zilipanda kwa miaka mitatu iliyofuata na pengo lao na weupe likapungua nusu. Mwaka 2015 Walton na wenzake walifanya kitu cha aina hiyo na wasichana wa uhandisi Waterloo, Canada, na kwenye fani zenye wanawake chini ya asilimia 20 wasichana waliinuka. Kinachotokea ni rahisi kukielewa, binti akikosa kuitwa kwenye kundi hasemi tena mi sifai hapa, anasema hii ni ile wiki ya kwanza waliyoisema, anaendelea kuuliza maswali, anapata marafiki, marafiki ndo wanamshika.

Lakini mwaka 2023 utafiti huo ulirudiwa kwa wanafunzi 26,911 kwenye vyuo 22, na ikaonekana unafanya kazi pale ambapo chuo chenyewe kinampa huyo mwanafunzi nafasi halisi ya kuwa mwenyeji. Pasipokuwa na nafasi, maneno hayaoti. Nililisoma hilo nikaweka simu pembeni. Maana ndo siri ya lile jembe, huwezi kumwambia mtu jione uko nyumbani huku kila siku unamwekea kiti cha mgeni, na kumwambia itapita wakati hujabadilisha kitu ni kumdanganya, na anajua. Semina za kujiamini kwa wasichana tulifanyiwa mbili, na sabuni na pedi tukagawiwa, tukashukuru, afu Jumatatu tukarudi kushika saa.

Kilichonibadilishia mi maisha ni ratiba. Mwaka wa tatu alikuja lekchara mpya, hakuhutubia chochote kuhusu jinsia, alibandika karatasi ubaoni, majina 43, kila mtu dakika 20 za kuongoza kipindi, tarehe yake, mchezo wake umepangwa kwa kura. Anayerekodi naye kwa zamu, kashika saa leo wiki ijayo hashiki. Makundi akayapanga upya, wasichana watatu watatu kwenye makundi mawili, mengine yakabaki bila msichana, na wavulana walipolalamika sio haki akawaambia subirini muone. Wiki mbili tu, kwa sababu tulikuwa watatu, hakuna aliyekuwa mama, hakuna aliyekuwa mdogo mdogo, mmoja wetu ikaonekana ni mkali wa kupanga mbinu, mwingine mvivu kweli, na mi ikaonekana napenda kufoka. Tukawa watu wenye tabia zetu. Yule rafiki yetu wa kisahani alirusha mbele ya darasa zima siku ya zamu yake, na wavulana waliosimama kwenye mita 25 wakarudi nyuma wenyewe.

Haikumaliza kila kitu. Nilipoenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo shule niliyopangiwa walinipa netiboli bila kuniuliza, mwenzangu wa kiume mpira wa miguu na riadha, ikabidi nianze upya na mkuu wa shule kama vile sina shahada nusu mfukoni. Lakini nilianza nikiwa najua kitu, nilishaongoza vipindi, mdomo wangu ulishazoea kusema jipangeni.

Kura yangu ilikuwa imeangukia mpira wa miguu, Alhamisi, kuzuia kwa kanda. Asubuhi saa moja nikaenda stoo, shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Akafungua daftari kabla sijasema kitu, akalamba kidole, akatafuta ukurasa, akaniuliza bila kuinua macho, koni ngapi leo? Nikamwambia koni 24, mipira 8, bibu 12, filimbi ninayo.